Maji ya Boti la Stany

Tanki la maji ya kunywa la boti la bosi wangu, Stany, lilikuwa limeliwa na kutu. Nililikwangua kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, nikaziba matundu kwa kuchomelea. Kisha nikamwambia Stany anunue rangi ya matanki ya maji ya kunywa, tena tuiache ikauke vizuri kabla ya kujaza. Wanawake wanaovuka ziwa la Nzilo kwa boti hilo kuleta samaki Kolwezi hunywa maji ya tanki hilo, na mama yangu mdogo Ernestine ni mmoja wao.

Stany akaleta ndoo ya rangi nyekundu aliyouziwa na vijana wa mgodini, ile ya kupaka mabomba ya asidi.

“Inakatalaka acide,” akasema. “Maji itaifanya nini?”

Nikamweleza kwamba kustahimili asidi si kuwa salama tumboni. Akacheka, akasema wachomeleaji wamejaa mtaani Musonoi, na mwanamke mwenye domo abaki nyumbani. Nilikasirika, na niliogopa pia, maana ni kweli wamejaa. Hata hivyo nilikataa kupaka. Akapaka mwenyewe, na kesho yake akajaza maji rangi ikiwa bado inanata. Sikio la kufa halisikii dawa, ila safari hii wa kufa hakuwa yeye.

Asubuhi ya safari wanawake walikuwa wameshapanda na vikapu vyao. Nikafungua bomba la tanki, maji yakatoka yakinuka kama gereji, nikajaza kikombe. Kwetu anayekupa cha kunywa hukionja kwanza, iwe maji, iwe munkoyo wa mahindi, ili ujue hajakutilia sumu. Asiyeonja, hunywi kwake.

Nikampelekea Stany kikombe mbele ya wote.

“Tata, mwenye kupatia bantu maji anaonjaka mbele. Onja.”

Akasema nimefukuzwa kazi. Nikamjibu sawa, lakini anywe. Wanawake wote wakamgeukia. Alikipeleka kikombe mdomoni, harufu ikampata, mkono ukashuka.

Mama mdogo Ernestine akabeba kikapu chake.

“Siku utainwa hii maji,” akamwambia, “tutapanda.”

Akashuka, na wengine wote wakamfuata hadi boti likabaki tupu. Stany alibaki na kikombe chake mkononi. Mimi nikachukua spana, nikaenda kulifungua tanki nimwage maji yote. Aliyefukuzwa haombi ruhusa.