Barua za Jumapili

Kila Jumapili baada ya ibada, Gerald Thwaite alishika chaki akawaandikia watoto ubaoni mambo ya kuwaambia wazazi wao. Jumatano tuliwashinda Kelby mabao matatu kwa moja. Mvua imenyesha. Mhubiri alikuwa mgeni. Watoto ishirini na wawili wa bweni la wadogo waliinamisha vichwa wakanakili, kila mmoja akibadilisha neno hapa na pale ili barua ionekane yake. Kisha waliacha bahasha wazi mezani, mwalimu azipitie kwanza. Ndivyo shule ya Stainbeck ilivyofanya tangu enzi za mishumaa, na hakuna aliyekumbuka nani alianzisha.

Thwaite alikuwa amechoshwa na desturi hiyo kuliko alivyothubutu kukiri. Shule ilikuwa ikitimiza miaka mia tatu, naye ndiye aliyetwishwa kazi ya kuandika historia yake. Sura tano zilimtii: waanzilishi, moto uliounguza kanisa, vita viwili, kriketi. Ya sita, maisha ya wanafunzi, ilimshinda kabisa. Maktaba ilikuwa na makasha manne ya barua zilizotolewa na familia mbalimbali. Alizisoma hadi macho yakamtoka machozi, lakini mtoto wa mwaka 1790 na wa mwaka 1950 walisema maneno yaleyale. Humo zilikuwemo na zake za utotoni, alipokuwa mwanafunzi hapohapo, hamsini na saba, ambazo mama yake alizitunza zimefungwa utepe mpaka alipokufa. Hakujiona hata katika moja. Muhula wake wa kwanza wote alikuwa akilia kwenye chumba cha viatu. Barua zilisimulia mechi. Alikasirika, na kwa kuwa hakujua amkasirikie nani, aliwafokea watoto wa darasa la Kilatini.

Jumapili hiyo barua moja haikutaja mechi. Ilikuwa ya Ansell, mtoto wa miaka minane aliyekuwa na wiki mbili tu shuleni. Ilikuwa na mistari mitano, nayo ilianza hivi: *Mama, njoo unichukue. Usimwambie Baba.*

Aliipeleka chumba cha walimu, kwa Cuthbert Lowther, naibu mkuu wa shule, aliyekuwa akikoroga chai yake.

"Hii haiendi," Lowther alisema. "Mwite aandike nyingine."

"Ameandika anachokisikia moyoni."

"Wote wanakisikia, bwana! Wiki ya tatu kinapita. Wewe kwako hakikupita?"

Thwaite alitaka kusema hapana.

"Kilipita," akasema, akajichukia papo hapo.

"Sasa shida iko wapi? Kwani siku hizi wewe ni mwalimu au tarishi? Mama akisoma hiyo, kesho yuko getini na blanketi mkononi. Utamlea nani hapo?"

Thwaite aliirudisha barua kwenye bahasha, akailamba gundi mbele ya Lowther, akatoka. Alitembea hadi kijijini, akaitumbukiza kwenye sanduku jekundu la posta. Aliporudi alikuwa akipiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi.

Alhamisi barua ilirudi. Ilikuwa ndani ya bahasha nyingine, nene na nzuri, pamoja na karatasi ya baba yake Ansell.

*Thwaite mpendwa, nadhani hii ilipenya kwa bahati mbaya. Tafadhali aiandike upya. Mama yake hajaiona, wala hana haja ya kuiona. Mimi pia niliandika kama hii mwaka wangu wa kwanza hapo Stainbeck. Mwalimu wangu alikuwa makini zaidi.*

Thwaite alijipiga kofi kwenye paji la uso. Bahasha! Desturi ilitaka bahasha iandikwe jina la baba, mwenye nyumba, na ni yeye mwenyewe aliyewafundisha watoto kuliandika, kwa mwandiko ulionyooka, siku yao ya kwanza. Alikuwa amejiona shujaa kwa siku nne, kumbe alimpelekea baba siri ya mtoto mkononi.

Baada ya chakula cha mchana alimwita Ansell ofisini. Mtoto aliiona barua yake mezani, akauona na mwandiko wa baba yake. Hakulia.

"Nitaandika nyingine, mwalimu," alisema. "Naomba kalamu."

Utulivu huo ndio uliomkata Thwaite maini. Angelia, angejua la kufanya.

"Hapana. Jina lako nani?"

"Ansell, mwalimu."

"La kwanza."

Mtoto alitazama mlangoni, kana kwamba ameulizwa jambo la aibu. "Lionel."

Wanafunzi wageni hawakuruhusiwa kugusa simu kwa wiki tatu za kwanza. Thwaite alitafuta namba kwenye daftari la wazazi, akapiga. Saa hizo baba angekuwa kazini mjini.

"Mimi ni Thwaite, wa Stainbeck. Ni kuhusu Lionel."

"Amefanya nini?" Sauti ya mwanamke ilishtuka.

"Hajafanya kitu. Alikuandikia barua, nayo haikukufikia. Kosa ni langu."

"Mume wangu anasema anaendelea vizuri sana."

Thwaite alimpa mtoto mkono wa simu na karatasi. "Msomee mama yako."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Lowther aliwatazama wote wawili, uso ukamwiva.

"Thwaite, wiki tatu hazijaisha."

"Najua kuhesabu, Cuthbert. Funga mlango, tafadhali."

"Kwa hili utaitwa kwa mkuu, unajua?"

"Waniite. Funga mlango."

Lowther aliubamiza. Lionel alianza kusoma kwa sauti ya darasani, kidole kikifuata maneno. Alisoma kwamba uji haupiti kooni. Alisoma kwamba hapa hakuna anayemwita jina lake. Alipofika mstari wa nne alipunguza sauti.

"Kila siku nalala na viatu, ili nikisikia gari lako niwe tayari."

Thwaite, aliyekuwa amegeukia dirisha, alisikia pumzi ya mwanamke kwenye simu, kisha funguo zikigongana, kisha sauti yake, ndogo lakini iliyonyooka.

"Sasa hivi umevivaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Usivivue."