Kambare wa Kupeleka Ukweni

Eufrásia aliliona kosa tangu moto ulipowashwa. Kambare wakubwa wa mto Rio Negro hubanikwa kwa moshi: chanja liwe juu, kuni zifuke tu, bila haraka. Mkamwana wake, Deusina, alikuwa ameshusha chanja hadi magotini, na ndimi za moto zikilamba mafuta.

"Wanakauka upesi, mama," alisema Deusina, jasho likimchuruzika. "Ona rangi yao!"

"Naiona. Kwenu si mnachoma panya wa mwituni? Basi moto unaujua."

Deusina akacheka, akidhani anataniwa. Huko msituni kwao samaki ni vidagaa vya kijitoni, unachoma na kula papo hapo. Kambare wakawa weusi, wakakakamaa kama magome, na huku nyama ya karibu na mfupa ingali mbichi. Angeambiwa neno moja tu angejua. Eufrásia akalimeza neno hilo. Tangu mwanzo alitaka mwanawe aoe mwanamke wa mtoni, si huyu wa msituni, na samaki hawa walikuwa wa kupelekwa kwa baba yake Deusina, siku ambayo upande wa mume huleta samaki na upande wa mke hutoa unga wa muhogo. Wakioza, aibu ni ya aliyebanika.

Safari ya mtumbwi ilikuwa ndefu, jua kali, vikapu vimefunikwa majani.

Uwanjani mzee Laureano, baba yake Deusina, akamvunja kambare wa kwanza. Funza wakamwagika mkekani. Watoto wakaziba pua.

"Kabanika nani?"

"Mimi, baba."

"Tulimfundisha, mkwe wangu," Eufrásia akadakia. "Kichwa kigumu! Afadhali abaki hapa kwa mama yake."

Laureano akamkazia macho. Kisha akachovya kipande kwenye chungu cha pilipili, akatafuna, akameza.

"Mtamu. Haya, mkwe, na wewe. Aliyeleta hula na aliyepokea. Au umekuja kuvunja ujamaa?"

Uwanja mzima ulikuwa unatazama mdomo wake. Eufrásia akatia tonge. Kitu kikajinyonganyonga juu ya ulimi.

"Meza, mkwe."

Akameza.

"Na huyu mtarudi naye," Laureano akasema, bila kumgeukia binti yake. "Si mlimfundisha wenyewe? Kitanda chake cha wavu hapa tulishakifungua nguzoni siku alipoolewa."

Deusina akapiga magoti, akaanza kuokota funza mkekani kwa vidole, mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia aache.