Chupa ya Mzee Kingi

Mejumaa aliificha chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali, ndani ya pipa la mchele, mahali ambapo baba yake asingefika hata miguu ingemrudia. Mzee Kingi alikuwa amepika halua mtaani Kibokoni kwa miaka arubaini, akiwagombeza wateja wote bila upendeleo. Sasa alikuwa na saratani ya mifupa, na tangu Jumatatu ombi lake lilikuwa moja tu.

"Nipa dawa yote, mwanangu. Nipumzike."

Masha, kaka yake Mejumaa, karani wa bandarini, alimuunga mkono mzee. "Kuna nchi sheria yaruhusu. Hapa kwetu mtu aachwa ateseke, kisha twajiita wenye huruma."

"Roho si yangu hata niitoe," Mejumaa alijibu. "Na sheria ikiruhusu, kesho wazee watafishwa na watoto waliochoka."

"Kwani wewe hujachoka?"

Swali lilimchoma, kwa sababu alikuwa amechoka, tena sana. Jana baba alipopiga ukelele, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye pipa la mchele, naye akajiogopa.

Asubuhi alibisha hodi Rosebella, muuguzi anayewazungukia wagonjwa majumbani, mwanamke wa bara mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Aliomba chupa, akaiinua kwenye mwanga.

"Dada, hii ilipaswa kwisha juzi. Mbona imejaa?"

Mejumaa alikiri. Alikuwa akimpa nusu ya kipimo, tena baba akishalia, kwa kuhofia kwamba dawa yenyewe ndiyo itakayommaliza.

"Kipimo alichoandikiwa hakimuui," Rosebella alisema. "Mpe kamili, kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajafika. Yakishafika, dawa huanza kukimbizana nayo."

Kitandani, mzee alifungua jicho moja. "Yaani kama halua. Wakoroga tangu mwanzo. Ukingoja harufu ya kuungua, ushachelewa. Mejumaa, nani alikufundisha kazi wewe?"

Mejumaa alicheka huku machozi ya aibu yakimtoka.

Masha hakuridhika. Alitaka kujua habari za wale ambao dawa haiyawezi maumivu yao.

"Wapo," Rosebella alisema. "Kwao sina jibu rahisi. Lakini baba yenu hatujamtibu bado, na tushaanza kumjadili."

Usiku wa tatu mzee alilala hadi alfajiri. Siku ya tano, aliagiza halua ipikwe nyumbani, yeye akiamrisha kutoka kitandani, na Masha, karani mzima, akafungwa kanga kiunoni akabebeshwa mifuko ya sukari.

Saa sita mchana, Mejumaa alikuwa ndiyo kwanza amempa baba dawa yake aliposikia mzee akifoka kwamba samli yaungua. Alitimka kwenda jikoni. Alikuwa ameshakoroga mara kumi alipokumbuka: chupa aliiacha dirishani, karibu kabisa na mkono wa baba.

Alimtupia Masha mwiko, akarudi mbio.

Mzee Kingi alikuwa ameketi, ameikumbatia chupa kifuani. Kifuniko kilikuwa mahali pake.

"Baba!"

"Waniachia dawa juani?" mzee alifoka. "Ikiharibika, saa kumi n'tanywa nini?"