Vitatu Vilivyo Mfukoni

"Visoda saba," alisema Mwalimu Hafidha, akivipanga juu ya mkeka. Vitatu akavitia mfukoni mwa gauni lake. "Haya Sada, saba kutoa tatu?"

Sada aliukodolea macho ule mfuko. "Saba."

"Sada, jamani!"

"Vinne hivi, vitatu mfukoni mwako. Saba."

Tangu muhula uanze ni hivyo hivyo. Watoto wa kitengo cha elimu maalumu walikuwa saba, kila mmoja na kinachomshinda, na Sada alishindwa na kutoa. Ukiondoa kitu, kwake bado kipo. Hafidha hakuchoka naye. Visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, kaviokota mwenyewe madukani Dunda, maana pesa ya vifaa haiji, na hata uji wa watoto ulikoma sukari ilipopanda bei.

Mwalimu Mkuu, Abdulrazak, alichungulia mlangoni. "Afisa wa wilaya yupo ofisini, anakuja kupima hesabu. Baki na wawili wanaojua kidogo. Wengine watie stoo."

"Stoo, Mwalimu? Watoto wa watu?"

"Wastani wetu ukizama tumekwenda na maji. Na shule ya Miono, kule mbali, wanataka mwalimu, wameniomba jina."

Akaenda zake. Hafidha alimwaza mama yake aliyepooza. Yeye akihamishiwa Miono, nani atamgeuza mama kitandani? Basi akafanya jambo ambalo hata kulisimulia linatia haya. Akapiga makofi, akachangamsha sauti:

"Nani anataka kucheza kombolela?"

Nani asiyetaka! Akawaingiza watano stoo, katikati ya majembe na madawati mabovu, akawaambia wajifiche humo, atakayetoa sauti kashindwa. Akakomea mlango. Alibaki na Yusuf, aliyejua kutoa, na Sada, ambaye kuhesabu angalau alijua.

Afisa akaja na Mkuu nyuma yake. Watoto wakampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye simu. Yusuf akajibu tisa kutoa nne bila kusita. Afisa akamgeukia Sada.

"Na wewe, binti. Humu darasani mko wangapi?"

"Saba."

"Mbona nawaona wawili?"

"Watano wako stoo. Mwalimu kawakomea."

Loo! Na kule stoo mtu akapiga chafya. Afisa akamtazama Mkuu, Mkuu akatazama paa. Uso wa Hafidha ulikuwa unawaka. Neno lilikuwa tayari ulimini, kulitema tu.

"Tuwie radhi, bwana," alisema. "Huyu kutoa bado hajui."

"Naona," alijibu afisa, na chafya kaisikia vizuri sana. Akaandika wawili, akafunga faili. "Kitengo kidogo, lakini safi."

Walipoondoka, Sada alimtazama mwalimu wake. "Lakini wapo," alisema. Hafidha alishindwa kumwangalia usoni. Akaenda kufungua komeo.

Wakatoka na vumbi na jasho. Ishaka, mdogo kuliko wote, alikuwa bado kaziba mdomo kwa mikono miwili, na kaptura yake imelowa. Aliogopa kuomba kwenda chooni, asije akashindwa.

"Mwalimu," akanong'ona, macho yanacheka, "hajatuona?"

"Hajawaona."

"Tumeshinda!"

Wote watano wakaruka wakishangilia, wakamkumbatia mwalimu miguuni. Hafidha akasema ndiyo, mmeshinda, akachutama kumvua Ishaka kaptura ili wasiuone uso wake.