Magurudumu Sita, Kinyumenyume

"Kule kilimani nitapanda nikiwa hai, au mtanipandisha kwenye jeneza," alisema mama. "Chagueni."

Miguu ilikuwa imemkatalia mwaka wa nne sasa, akawa anaishi kwangu huku bondeni, na nyumba yake iko kilimani, juu ya mawe ambayo hata pikipiki huyaogopa. Daktari naye alikwisha kutuambia tusimpangie mambo ya mbali. Mdogo wangu, mchomeleaji wa mageti, alikwenda kuokota vyuma chakavu vya kuundia gari.

Mimi ni fundi cherehani, na ulimi wangu unakata kuliko mkasi. Nilimwambia gari la magurudumu sita halijengwi na mtu ambaye geti lake mwenyewe hufunguka kwa teke. Akacheka, akaniagiza nimshonee mama kiti.

Baada ya miezi minane akalisukuma nje, nikalizunguka na utepe wangu wa kupimia. Magurudumu yalinifika kiunoni. Aliweka jeki chini ya moja, akaliinua hadi usawa wa goti. Mengine matano hayakubanduka ardhini.

Tukampakia mama, amevaa nguo yake ya kutokea. Mdogo wangu akatia gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma, likaangusha pipa la maji. Akatia ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi.

"Difu," akasema, jasho likimtoka. "Hizi zinazozungusha magurudumu, zote tatu nimezifunga juu chini."

"Si utie rivasi, liende mbele?"

"Rivasi ilikufa, dada. Nilisema ya nini, gari la kupanda mlima lirudi nyuma kufanya nini?"

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha nikaona mama hacheki. Kufungua na kufunga upya ni mwezi mzima.

"Linakwenda, haliendi?" akauliza.

"Linakwenda, mama, lakini..."

"Hiyo lakini yako iache hapa hapa. Mimi siteremki."

Basi tukapanda kinyumenyume. Nilitangulia nikielekeza, mdogo wangu kapinda shingo nusura ivunjike. Gurudumu la kwanza lilipanda jiwe, likashuka, la pili likafuata, la tatu likafuata, taratibu, kama mama anayepanda ngazi na mtoto mgongoni. Kichwa cha mama hakikutikisika. Nikasahau kuelekeza, nikasimama kutazama.

"Dada! Kushoto au kulia?"

"Kushoto! Kushoto, jamani!"

Tulipofika, nilimwinamia mama. Alikuwa ametazama bondeni, machozi yakimtiririka.

"Mama, nyumba yako iko nyuma yako. Tukugeuze?"

"Ngojeni kwanza. Miaka arobaini nimepanda hapa na mzigo kichwani, naangalia miguu nisijikwae. Kumbe kunaonekana hivi?"

Mdogo wangu akazima injini. Tukaketi chini kando ya magurudumu, tukatazama naye.