Protini Ilivyosimama Getini

Ijumaa jioni Dokta Gumede alizitazama picha za Nontuthuko, kisha akavua miwani.

"Zinapendeza, binti. Ila zinatuambia tumeshindwa."

Zilikuwa picha za seli za ubongo walizozikuza katika maabara yao ya Durban. Zote zilikuwa zimejaa kijani hadi kwenye kiini. Kijani hicho kilikuwa protini ya virusi vya UKIMWI, waliyoitia rangi ili waione inakokwenda. Dawa za kila siku huzuia virusi visizaliane, lakini seli zinazovificha huendelea kuivujisha protini hiyo. Ikiingia katika seli ya ubongo huivuruga, matawi yake yakanyauka, mazungumzo na seli za jirani yakakatika. Nontuthuko alikuwa akijaribu dawa ya kuizuia isiingie. Picha zilionyesha imeingia, penye dawa na pasipo dawa.

"Jumatatu nitaufunga mradi," Dokta alisema kwa upole. "Kwa sasa nenda nyumbani, ukamsindikize dada yako."

Nyumbani ni Umbumbulu, na Jumamosi hiyo washenga walikuwa wanakuja kumposa Samke, dada yake. Asubuhi Nontuthuko alimkuta shangazi yake, Bajabulile, jikoni akikata mkate wa mvuke. Shangazi ndiye kiongozi wa kwaya ya kanisa. Alimeza vidonge vyake kila siku mbele ya yeyote aliyekuwepo, na damu yake ilipopimwa virusi havikuonekana tena. Lakini tangu mwaka jana beti zilikuwa zikimponyoka katikati ya wimbo. Kila alipoinamia hadubini, Nontuthuko alimfikiria yeye.

"Umeshamkamata mwizi wangu?" shangazi aliuliza.

"Bado. Na Jumatatu wanafunga."

Kisu kilisimama. "Wanafunga nini? Hebu kaa. Huyo mwizi anaingiaje kwanza? Anavunja ukuta?"

"Havunji, shangazi. Anakuja kama washenga. Anang'ang'ania getini, anaita jina ambalo seli inalifahamu. Seli yenyewe inamfungulia, inamkaribisha ndani kwenye kijifuko. Akishafika anakitoboa, anaanza fujo."

"Kumbe ana adabu kuliko vijana wa mjini!"

Nje sauti zilipaa. "Khabazela! Gcwabe! Tumekuja kwa heri, Mkhize!" Washenga walikuwa getini, wakiusifu ukoo kwa majina yake. Ndani hakuna aliyeitika. Baba alijimiminia kinywaji cha tangawizi taratibu, kama mtu aliyeziba masikio. Samke aliziba mdomo asicheke.

"Baba, waitikie basi, jua kali," alinong'ona.

"Waache waite. Nyumba hii haifunguliwi kwa kikohozi."

Waliita, wakapumzika, wakaita tena. Mshenga mmoja kijana, mwenye viatu vinavyong'aa, alichoka kungoja. Aliona geti limeegeshwa tu, akalisukuma, akapiga hatua mbili uani. Shangazi alitoka na ufagio.

"We! Nani kakufungulia?"

"Mama, tumeita sana, nikadhani..."

"Ulidhani tumekufa wote humu, ndiyo maana unajiingilia? Rudi nje! Uite vizuri!"

Kijana alirudi mbio, kiatu kimoja kikabaki uani, na wenzake getini wakacheka hadi wakashindwa kuita. Jikoni wote walicheka, isipokuwa Nontuthuko. Alikuwa amesimama na kipande cha mkate mkononi.

"Shangazi," Nontuthuko alisema shangazi aliporudi jikoni, "mimi huwa nawaua."

"Unawaua akina nani tena, siku ya posa?"

"Seli! Kabla ya kupiga picha naziloweka kwenye spiriti ili zitulie. Zinakufa. Wenyewe wakishakufa, yeyote aliye getini anajiingilia. Labda dawa iliwazuia wezi nje, mimi ndiye niliyewaua wenye nyumba!"

Shangazi alimtazama, kisha akampokonya ule mkate. "Sasa unangoja nini? Ah, ngoja. Kwanza tuwafungulie hawa, watazimia."

Jumapili Nontuthuko alirudi maabarani, akaandaa sahani mpya za seli. Safari hii hakugusa spiriti. Jumatatu asubuhi alimwita Dokta Gumede aone seli zikiwa hai. Katika sahani isiyo na dawa, vijifuko vya kijani vilikuwa vikielea ndani ya seli. Dokta alihamia ile yenye dawa, akarekebisha lenzi mara mbili.

"Protini zimezunguka pembeni mwa seli," alisema hatimaye. "Ndani hamna kitu."

"Zipo getini, Dokta."

"Hii ni sahani, Nontuthuko, si kichwa cha mtu. Njia bado ndefu sana."

"Najua."

"Na utarudia. Mara nyingi, mpaka uichukie kazi hii." Dokta alivaa miwani yake, akitabasamu. "Sifungi kitu. Leta sahani nyingine."

Nontuthuko alitoka koridoni akampigia shangazi, akamweleza yote kwa pumzi moja, pamoja na habari ya njia ndefu.

"Kwa hiyo wanaita tu, hawafunguliwi?" shangazi aliuliza.

"Hawafunguliwi."

"Safi! Waite mpaka mvua iwanyeshee." Akaanza kuimba kwenye simu. Kwenye ubeti wa pili alisita, akacheka. "Nikumbushe hapo, mwanangu."

Nontuthuko akamkumbusha, wakaumaliza wote wawili.