Mkalimani wa Gredi ya Tatu

Selpher alisimama mlangoni pa Gredi ya Sita akiwa ameshika mkebe wa jometri, bado ukiwa ndani ya nailoni yake. Kibanda chake cha mboga alikuwa amemwachia jirani, akamwambia, "Narudi sasa hivi." Triza wake hakuwa na mkebe, na mtihani wa kitaifa wa gredi hiyo ulikuwa mwaka huu huu. Mama gani angekaa Kayole akikatakata sukuma wiki huku mtoto anapima pembe kwa macho?

Ndani, Mwalimu Nabiswa alikuwa anachora pembetatu ubaoni. Watoto walikuwa wamebanana hadi dirishani, wengine wakiandikia magotini. Selpher aliwapitia kwa macho, safu baada ya safu, asimwone wake.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Triza Wekulo, mwalimu. Nimemletea hii."

Mwalimu aliutazama ule mkebe, kisha akatazama sakafu. Alikuwa kijana mchangamfu, mtu wa Bungoma kama Selpher, na kwa kawaida hakukosa la kusema.

"Triza yuko Gredi ya Tatu."

"Ya Tatu? Si huko ni kwa Ryan?"

"Ndiyo. Yuko na Ryan."

"Amempelekea kitu?"

"Mama, enda tu umuone."

Alimkuta amekaa mbele kwenye dawati la watoto wadogo, mgongo umeelekea ubao, magoti yamekosa pa kuingia yakatokeza kando. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa mwalimu wa darasa hilo, aliyekuwa akipita kati ya madawati na kitabu, na mikono yake ilikuwa mbioni. Mbele yake alikaa Ryan, mdogo wake, pamoja na viziwi wengine wawili, wote watatu wameikodolea macho ile mikono. Mwalimu alisoma haraka haraka kama kawaida ya walimu. Triza alipoachwa nyuma, mwalimu aligonga meza kwa rula.

"Wewe Triza! Umelala?"

Lugha ya ishara Triza aliipata kanisani Donholm, kwenye ibada ya viziwi ya Jumapili. Selpher ndiye aliyekuwa akimpeleka Ryan huko, lakini yeye alikuwa akisinzia kwa uchovu wa wiki nzima, na msichana ndiye aliyeshika. Mama mtu alijua ishara nne tu: kula, lala, njoo na wacha. Mengine yote aliyotaka kumwambia mwanawe yalipitia kwa Triza, na jambo hilo alikuwa halipendi kulifikiria.

Kengele ya mapumziko ilipolia alimvuta msichana kando ya tangi la maji.

"Umekaa huku tangu lini?"

"Tangu tufungue."

"Tangu Januari? Na hukuniambia!"

Triza alisugua vidole vyake. "Si ni wewe ulisema nimwangalie?"

Ni kweli, alisema. Siku ya kumwandikisha Ryan, mwalimu mkuu aliuliza, "Na huyu ataangaliwa na nani?" Selpher alikuwa amefukuzwa kwenye malango ya shule nyingine hata akachoka kuomba. Akaona hapa mlango umefunguka kidogo, akadakia kwa furaha, "Dadake yuko hapa hapa, Madam. Atamwangalia!" Kwao, kila kifungua mimba wa kike huambiwa hivyo: mwangalie mwenzako. Maana yake ni kumfunga kamba za viatu, kumvusha barabara, kuhakikisha hajanyang'anywa chakula. Kumbe siku ile alikuwa ametia sahihi bila kalamu. Alimpa Triza ule mkebe wa jometri. Triza akaupokea kwa mikono miwili, akasema asante, na hakuufungua.

Mwalimu mkuu, Madam Mbithi, alikuwa anakunywa chai. Akamkaribisha kiti, akamkaribisha na andazi.

"Sema, Mama Triza."

"Madam, nimemkuta Triza Gredi ya Tatu. Na ana mtihani."

"Ah. Hiyo." Aliweka kikombe chini. "Wacha nikuulize. Gredi ya Sita haikuwa na mwalimu wa Hesabu. Nimeomba, nimeomba. Serikali ikaniletea Nabiswa, ikasema huyu amesomea lugha ya ishara, akae na wale viziwi. Viziwi watatu! Na huku darasa zima limekaa tu. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Selpher alichukua muda kuelewa. Yule kijana wa pembetatu aliletwa kwa ajili ya Ryan.

"Kwa hivyo mwalimu wa Ryan ndiye anafundisha darasa la Triza. Na Triza ndiye..."

"Usiseme hivyo, mama. Ni kusaidiana." Madam hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kama yeye. "Ukitaka, Triza arudi darasani kesho. Mimi sikatai. Lakini Ryan nitamwachia nani? Kuna shule ya bweni ya viziwi, naweza kukuelekeza. Karo mtajipanga wenyewe."

Mwaka jana, kabla ya shule hii, Selpher alikuwa akimfungia Ryan nyumbani kwa kufuli na kwenda kuuza mboga. Jioni moja alimkuta amelala nyuma ya mlango, kucha zake zimejaa rangi ya mlango huo. Majirani waliona. Hakuna aliyemwambia kitu, na hata leo hakuweza kuwatazama usoni.

"Tena Ijumaa wageni wanakuja kutoka ofisi ya elimu kuona kitengo chetu maalum cha viziwi," Madam aliendelea. "Nataka mzazi mmoja aongee. Nimekuchagua wewe. Wewe unajua kuongea."

Jioni alimweleza mumewe, Wekulo, aliyekuwa ametoka kwenye vibarua vya Industrial Area, miguu ndani ya beseni.

"Nitasema, Baba Triza. Mbele ya hao wageni. Nabiswa arudi kwa Ryan na mtoto wangu arudi darasani."

"Na wakienda zao na gari yao, utabaki na nani? Si na huyo Madam?" Wekulo alitikisa kichwa. "Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Triza alikuwa anaosha vyombo hapo hapo, maana chumba ni kimoja. Mikono yake ilitulia ndani ya maji.

"Mimi nitasema," Selpher alirudia, safari hii akimwambia Triza.

Ijumaa watoto walipangwa uwanjani. Afisa aliyeitwa Bwana Maingi alikaa kivulini, chupa ya maji mbele yake. Viziwi watatu waliwekwa mstari wa kwanza, na Triza akasimamishwa mbele yao kwa sweta ya kuazima iliyokuwa mpya kuliko yake.

"Ndiye huyu mkalimani?" afisa aliuliza. "Mdogo hivi! Safi sana. Shule zingine ziige."

Hakuuliza ni wa darasa gani.

Selpher aliitwa. Alisimama, akakunja leso mkononi. "Mimi ni mama yake Triza na Ryan. Ryan alikuwa anakaa nyumbani." Mikono ya Triza ilimfuata neno kwa neno. "Sasa anasoma. Anajua kuandika jina lake." Ryan aliona, akacheka, akajipiga kifua.

"Lakini," Selpher alisema.

Madam hakumkunjia uso. Hata hakumtazama. Aligeuza tu kichwa, akamtazama Ryan.

"Lakini Triza," Selpher alianza tena. "Triza naye anapenda kumsaidia mwenzake. Hana shida yoyote. Tunashukuru sana serikali, na Madam."

Alijisikia akiyasema. Aibu ilimshika toka kwenye nyayo, akatamani ardhi ipasuke. Ile mikono iliyokuwa inamfuata ilikuwa imesimama hewani. Triza aliishusha, akaificha nyuma ya mgongo. Wale watatu wakabaki wanangoja.

"Mbona ameacha?" afisa aliuliza.

"Anaona haya tu, bwana. Anasifiwa," Madam alisema, na watu wazima wakacheka.

Kisha Madam akawaeleza wageni kwamba viziwi hawasikii makofi. Kwao mikono huinuliwa juu ikatikiswa. Uwanja mzima ukainua mikono. Ryan, ambaye hakutafsiriwa yale maneno ya mwisho ya mama yake, aliinua yake, akageuka huku na huku kwa furaha amwone anayepongezwa. Mwalimu Nabiswa alitazama kushoto na kulia, akainua. Selpher naye akainua yake.

Wageni walipokwenda kula, kengele ililia. Nabiswa alikuja na bikari yake kubwa ya mbao, akamkuta Triza amemshika Ryan mkono mbele ya mlango wa Gredi ya Sita. Msichana alijibanza ukutani kumpisha, kwa heshima, kama walivyofunzwa.

"Habari, mwalimu."

"Salama, Triza," alisema, akaingia darasani. Triza na Ryan wakaendelea hadi Gredi ya Tatu.